Amlodipini, HCT, losatani au enalaprili? Zilinganishe kwa madhara yake kabla hujaamua kuacha dawa ya presha

Anayeanzishiwa dawa ya presha leo, awe hospitali ya rufaa au zahanati ya kata, karibu kila mara atatoka na jina moja au mawili kati ya haya: amlodipini, haidroklorothiazidi ambayo wengi tunaiita HCT, losatani, au enalaprili na ndugu zake kaptoprili na lisinoprili. Wachache hupewa atenololi. Watu huniuliza ipi ni kali zaidi. Zote zinashusha presha. Kinachozitenganisha hasa ni usumbufu ambao kila moja huleta, na aina ya mtu ambaye kila moja inaweza kumdhuru.

Nafanya kazi famasi, na ninachokiona dirishani kinanisikitisha. Wapo wanaoacha dawa kwa kukosa hela, ni kweli. Lakini wengi huacha kwa sababu kidonge kiliwaletea jambo: miguu kuvimba, kikohozi kisichoisha, kuamka usiku kukojoa, kupungukiwa nguvu chumbani. Hakuna aliyewaambia kwamba jambo hilo linatoka kwenye kidonge kile, na kwamba kipo kingine kisicholileta. Presha yenyewe haiumi. Mtu mwenye 170 kwa 100 anaweza kuamka alfajiri akalima hadi saa nne bila kusikia chochote. Kidonge ndicho kinachomfanya ajione mgonjwa, kwa hiyo anakiweka kando, na kiharusi kinapokuja kinamkuta hana kinga.

Nalinganisha dawa hizi kwa sababu hiyo. Kubadili dawa ni uamuzi wa daktari au tabibu wako, lakini kusema "hii inanisumbua hivi, naomba tuangalie nyingine" ni haki yako, na anayejua dawa yake huisema vizuri zaidi.

Kwanza ijue unayomeza

Soma jina dogo lililo chini ya jina la biashara kwenye boksi. Likiishia na -dipine, hiyo ni jamii ya amlodipini. Likiishia na -pril, ni jamii ya enalaprili. Zenye -sartan ni jamii ya losatani, na zenye -olol ni jamii ya atenololi. Dawa za kupunguza maji mwilini hazina mwisho mmoja, ila nyingi za presha zina -thiazide au zimeandikwa HCT. Kuna pia vidonge vilivyochanganywa: herufi H baada ya jina kwa kawaida humaanisha kuna HCT ndani, na AM humaanisha kuna amlodipini.

Nasisitiza hili kwa sababu maboksi mawili yenye rangi na majina tofauti yanaweza kuwa dawa moja. Nilihudumia mama mmoja aliyekuwa anameza amlodipini mara mbili kila siku, moja aliyopewa kliniki na nyingine aliyonunuliwa na mwanawe mjini. Alilalamika miguu imejaa na akisimama anaona giza. Hakuwa na ugonjwa mpya. Tulipoweka maboksi yote mawili juu ya kaunta na kusoma maandishi madogo, mambo yakawa wazi.

Amlodipini: rahisi kuishi nayo, ila angalia miguu

Kati ya hizi zote, amlodipini ndiyo inayomfaa mtu anayeishi mbali na maabara. Haihitaji kupimwa damu mara kwa mara kuangalia figo wala madini, inamezwa mara moja kwa siku, na inakaa mwilini muda mrefu kiasi kwamba ukisahau siku moja presha hairuki ghafla. Ukikumbuka siku inayofuata, meza cha siku hiyo tu. Usifidie kwa kumeza viwili.

Kero yake kubwa ni miguu kuvimba. Dawa inatanua mishipa midogo inayopeleka damu, shinikizo linaongezeka kwenye vishipa vidogo kabisa, na maji yanachuja kwenda kwenye nyama za kifundo cha mguu. Asubuhi mguu uko sawa, jioni kandambili inabana, na ukibonyeza kwa kidole gumba panabaki shimo. Huwapata zaidi wanawake, na zaidi wanaomeza miligramu 10 kuliko 5.

Hapa kuna kosa ninalokutana nalo sana. Mtu mwenye miguu iliyovimba kwa amlodipini anapewa, au anajinunulia, frusemaidi ili "atoe maji". Frusemaidi haisaidii sana, kwa sababu tatizo si maji kuzidi mwilini, bali ni mahali yanapovuja. Sasa ana dawa mbili, anakojoa mchana kutwa, potasiamu inashuka, misuli inakaza usiku, kisha anapewa dawa ya tatu kwa ajili ya misuli. Mnyororo wote huo ulianza na kidonge ambacho kingepunguzwa kutoka 10 hadi 5, au kuongezewa losatani au enalaprili kwa dozi ndogo. Kuongeza dawa ya jamii hizo mbili hupunguza uvimbe wa amlodipini, kwa kuwa zenyewe hutanua mishipa ya upande wa pili, ile inayorudisha damu.

Tahadhari: si kila mguu uliovimba ni wa amlodipini. Mguu mmoja tu umevimba, unauma na una joto, huenda kuna damu iliyoganda. Miguu yote imevimba na huwezi kulala chali bila kukosa pumzi, moyo unahitaji kuangaliwa. Uso unavimba asubuhi na mkojo una povu, fikiria figo. Hayo matatu yanataka hospitali siku hiyohiyo.

Wiki za kwanza amlodipini huweza kuleta kichwa kuuma, uso kuwa wa moto na moyo kwenda mbio. Kwa wengi hupungua yenyewe. Fizi kuota na kuvimba ni jambo la nadra zaidi, mwambie daktari wa meno kuwa unaitumia.

Ndugu yake, nifedipini, anataka uangalifu wa ziada. Kile kidonge kinachoachia dawa polepole usikivunje wala kukitafuna, maana dawa yote itamwagika kwa mkupuo. Na ile desturi ya zamani ya kutoboa kapsuli na kuidondoshea chini ya ulimi mtu mwenye presha ya ghafla iliachwa, kwa sababu presha inayoporomoka kwa dakika chache inaweza yenyewe kusababisha kiharusi. Balungi nalo huongeza nguvu ya nifedipini mwilini, kwa hiyo wapenzi wa balungi waulize kwanza.

HCT: bei nafuu, kazi nzuri, na chumvi za mwili

HCT ni ya zamani na bei yake haimwangushi mtu. Dozi za presha ni ndogo, miligramu 12.5 hadi 25, na kuongeza zaidi ya hapo huongeza madhara kuliko faida.

Meza asubuhi. Anayeimeza jioni atakesha njia ya chooni, na mzee anayeamka gizani mara tatu anaweza kuanguka. Dereva wa basi la masafa na abiria wake huwa wanairuka siku ya safari. Ni bora kumuuliza daktari kama unaweza kusogeza saa ya kumeza kuliko kuiruka kila unaposafiri.

Madhara yake makubwa yako kwenye damu, hayaonekani kwa macho. Inatoa potasiamu: dalili ni misuli kukaza, mwili kulegea, moyo kuruka mapigo. Inatoa sodiamu pia, na kwa wazee sodiamu ikishuka sana mtu huchanganyikiwa, anaropoka, anayumba, familia ikidhani ni uzee tu. Inapandisha asidi ya yuriki, kwa hiyo mwenye jongo, yule ambaye kidole gumba cha mguu kinavimba na kuwaka usiku mmoja baada ya nyama choma, ajue HCT inaweza kumrudishia ugonjwa. Inaweza kupandisha sukari kidogo. Aliyewahi kubabuka ngozi kwa dawa za salfa, kama Septrini au SP, aseme kabla hajaandikiwa.

Kuna tahadhari moja ambayo kwetu ni ya muhimu na sijaisikia ikisemwa vya kutosha. HCT huifanya ngozi iungue kirahisi na jua. Mwaka 2018 Shirika la Dawa la Ulaya lilitoa onyo kwamba matumizi ya muda mrefu yanahusishwa na ongezeko la aina mbili za saratani ya ngozi. Onyo hilo lilitokana na takwimu za watu weupe. Mtu mwenye ualbino, ambaye tayari ngozi yake inapambana na jua la Afrika Mashariki, ana sababu nzuri kabisa ya kumwambia daktari wake: "Naomba isiwe HCT."

Enalaprili na losatani: karibu mapacha, lakini kikohozi kinawatenganisha

Jamii hizi mbili zinafanya kazi kwenye mfumo mmoja wa mwili unaobana mishipa na kuzuia chumvi. Za -pril zinazuia kimeng'enya kinachotengeneza homoni ya kubana mishipa. Za -sartan zinaiacha homoni itengenezwe, ila zinaizuia kushika pale inapofanyia kazi. Kaptoprili, ya kwanza kumezwa kati ya jamii ya -pril, iliidhinishwa Marekani mwaka 1981, na chanzo cha utafiti wake kilikuwa sumu ya nyoka wa Brazili anayeshusha presha ya windo lake.

Kimeng'enya kile kinachozuiwa na -pril kina kazi nyingine: kuvunja bradikinini, kemikali ya mwili inayotanua mishipa. Kikizuiwa, bradikinini inajaa, na koo linaanza kuwasha. Mtu mmoja kati ya kumi hivi hupata kikohozi kikavu.

Mazungumzo kama haya tunayo sana.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nipe dawa ya kikohozi. Ile ya maji niliyochukua mwezi uliopita imekwisha, na kifua bado."

"Unatoa makohozi?"

"Hapana. Kinanitekenya tu kooni. Usiku ndio zaidi."

"Na dawa gani nyingine unameza, mzee?"

Anatoa mfukoni vidonge vyake: enalaprili, miligramu 10. Alianza miezi mitatu iliyopita.

Kumuuzia chupa nyingine ya dawa ya kikohozi ni kumdhulumu. Anachohitaji ni barua au simu ya kumrudisha kliniki ili ahamishiwe -sartan, na avumilie, kwa sababu kikohozi hakikomi kesho yake. Huchukua wiki moja hadi nne, na kwa wengine zaidi. Neno moja la tahadhari hapa: kwetu kikohozi cha wiki mbili na zaidi bado ni lazima kipimwe kifua kikuu, hata kama unameza enalaprili. Pima, kisha laumu kidonge.

Bradikinini hiyohiyo ndiyo huleta dhara la hatari zaidi la -pril: midomo, ulimi, kope au uso kuvimba ghafla, mara nyingi bila muwasho. Ni la nadra, lakini watu weusi hulipata mara tatu hadi nne zaidi ya wazungu. Linaweza kutokea wiki ya kwanza, linaweza pia kutokea kwa mtu aliyemeza miaka mitano bila shida. Ulimi ukivimba hewa inazibwa. Usisubiri kesho, usinywe maziwa, nenda hospitali mara moja, na ukipona usimeze tena -pril yoyote maisha yako yote. Liandike kwenye daftari la kliniki kwa herufi kubwa.

Losatani na wenzake hawana kikohozi hicho, na uvimbe huo ni wa nadra zaidi kwao. Kwa nini basi watu huanzishiwa enalaprili? Zamani ilikuwa bei. Sasa losatani imeshuka na inapatikana hadi maduka ya dawa ya vijijini. Maoni yangu ni haya: kama unahitaji dawa ya jamii mojawapo kati ya hizi mbili, na bei zinakaribiana, uliza kama unaweza kuanza na -sartan. Mwenye jongo ana sababu ya ziada, maana losatani hushusha kidogo asidi ya yuriki.

Baada ya hapo mapacha wanafanana, na tahadhari zao ni kali.

Ya kwanza ni ujauzito. Zote mbili zinaweza kuharibu figo za mtoto tumboni na kukausha maji yanayomzunguka, hasa kuanzia miezi mitatu ya kati. Mwanamke anayeweza kushika mimba asianzishiwe bila kuulizwa anapanga nini. Na kama unazimeza ukaona umekosa siku zako, usingoje miadi ya mwezi ujao: nenda siku hiyo, ubadilishiwe. Dawa za presha zinazotumika kwa mjamzito ni methildopa, nifedipini ya kuachia polepole, na labetaloli. Methildopa huleta usingizi na inaweza kumzamisha mama kwenye huzuni, ndiyo maana akishajifungua hubadilishiwa. Enalaprili iliyokatazwa tumboni huweza kutolewa kwa anayenyonyesha.

Ya pili ni potasiamu, safari hii kwa kupanda. Moyo hauvumilii potasiamu iliyozidi. Mwenye figo dhaifu anayemeza -pril au -sartan apunguze madafu. Watu wa pwani hunishangaa ninapolisema hili, kwa sababu dafu tumezoea kumpa mgonjwa. Maji yake yana potasiamu nyingi. Kwa mwenye figo nzima dafu moja si neno, kwa mwenye figo zilizochoka na losatani juu yake, madafu ya kila siku ni hatari. Chumvi zinazouzwa kama mbadala wenye sodiamu kidogo nyingi zimejazwa potasiamu. Septrini nayo hupandisha potasiamu, na wapo wanaoimeza kila siku kutoka kliniki nyingine pamoja na losatani bila kliniki hizo mbili kuzungumza. Spironolaktoni, dawa nyingine ya kutoa maji, vilevile.

Ya tatu ni kipimo cha damu. Ukianza -pril au -sartan, kreatinini, kipimo kinachoonyesha kazi ya figo, na potasiamu vipimwe baada ya wiki moja au mbili, na tena dozi ikipandishwa. Kama kituo chako hakina kipimo hicho na hakuna sababu maalumu ya kuzihitaji, amlodipini ni chaguo salama zaidi.

Sababu hiyo maalumu ipo kwa watu wengi, lazima niseme. Mwenye kisukari ambaye mkojo wake una protini, au mwenye moyo ulioshindwa kusukuma damu vizuri, anafaidika na -pril au -sartan zaidi ya kushuka kwa presha: zinalinda figo na moyo. Mtu kama huyo akisumbuliwa na kikohozi asikubali kurudishwa kwenye amlodipini peke yake bila kuuliza kuhusu losatani.

Mbili kwa pamoja

Watu wengi hawatoshelezwi na dawa moja. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataja makundi haya matatu, yaani za -dipine zinazodumu, HCT na jamii yake, na -pril au -sartan, kuwa za kuanzia, na unapendelea kuziunganisha kwenye kidonge kimoja. Ipi na ipi? Kwa Waafrika tuna jibu zuri. Uchunguzi wa CREOLE, uliochapishwa mwaka 2019, ulihusisha watu weusi 728 katika nchi sita, zikiwemo Kenya, Uganda na Msumbiji. Amlodipini na HCT, au amlodipini na perindoprili ya jamii ya -pril, zilishusha presha zaidi kuliko perindoprili na HCT. Kwa hiyo ukiona daktari anajenga matibabu yako juu ya amlodipini, ana msingi. Mchanganyiko usiotakiwa ni -pril na -sartan kwa pamoja: figo na potasiamu ndizo huumia. Ukikuta zote mbili kwenye mfuko wako wa dawa, uliza leo.

Atenololi na suala ambalo wanaume hulisema kwa kunong'ona

Atenololi na jamii ya -olol si za kuanzia kwa presha ya kawaida. Zina nafasi kwa mwenye ugonjwa wa moyo au mapigo yanayokwenda mbio. Mwenye pumu azikwepe, zinaweza kubana kifua vibaya. Mwenye kisukari anayetumia insulini ajue kwamba zinaficha mapigo ya moyo na mtetemeko wa sukari kushuka, jasho tu ndilo hubaki kama onyo. Na usiziache ghafla hata kidogo: moyo hurudi kwa kasi, na mwenye mishipa ya moyo iliyoziba anaweza kupata shambulio. Hupunguzwa taratibu.

Nguvu za kiume hupungua zaidi kwa -olol na HCT. Amlodipini na -pril mara nyingi hazina neno, na -sartan ndizo zenye sifa nzuri zaidi. Presha isiyotibiwa nayo huharibu mishipa hiyohiyo, kwa hiyo kuacha dawa hakutatui kitu. Sema wazi kliniki. Daktari amelisikia mara nyingi. Kinachonitisha ni vumbi la kuongeza nguvu na vidonge vya mitaani ambavyo hakuna anayejua vina nini. Mwenye vidonge vya kuweka chini ya ulimi kwa maumivu ya moyo akichanganya na dawa ya jamii ya sildenafili (Viagra), presha inaweza kushuka hadi kumuua.

Kwa kuangalia haraka

| | Amlodipini | HCT | Enalaprili | Losatani |
|---|---|---|---|---|
| Kero ya kawaida | Miguu kuvimba, kichwa | Kukojoa, misuli kukaza | Kikohozi kikavu | Kizunguzungu mwanzoni |
| Hatari ya kuijua | Presha kushuka mno ikizidi | Sodiamu na potasiamu kushuka | Ulimi na midomo kuvimba, potasiamu kupanda | Potasiamu kupanda |
| Mjamzito | Aulize. Nifedipini ya polepole ndiyo ya kawaida | Kwa kawaida haitolewi | Marufuku | Marufuku |
| Mwenye jongo | Sawa | Aikwepe | Sawa | Inafaa zaidi |
| Kupima damu | Si lazima | Inahitajika | Inahitajika | Inahitajika |

Vitu vingine unavyomeza

Hapa ndipo madhara mengi huzaliwa, na mara nyingi daktari hana habari. Diklofenaki na ibuprofeni, zinazonunuliwa kama karanga kwa mgongo na magoti, hupandisha presha na kubana damu inayoingia kwenye figo. Ukizimeza juu ya losatani au enalaprili pamoja na HCT, figo zinabanwa pande tatu kwa wakati mmoja. Mtu mzima mwenye presha anayeumwa magoti aanze na parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa. Vidonge vingi vya maumivu vinavyouzwa vina diklofenaki iliyochanganywa na parasetamoli, kwa hiyo soma maandishi madogo.

Dawa za mafua zenye kuzibua pua nyingi hupandisha presha. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya ini livunje amlodipini, nifedipini na losatani haraka, presha ikapanda hata kama mgonjwa hakosi dozi. Akimaliza matibabu ya TB dozi iangaliwe tena, la sivyo itamzidi. Antibiotiki za erithromaisini na klarithromaisini hufanya kinyume kwa amlodipini na nifedipini. Anayemeza simvastatini kwa ajili ya lehemu pamoja na amlodipini asizidishe miligramu 20 za simvastatini.

Ukitapika au kuharisha sana, piga simu au nenda kituoni siku hiyohiyo ukaulize kama HCT na -pril au -sartan zisimame kwa muda. Mwili uliokaukiwa maji ukiendelea kumeza hizo, figo zinaweza kusimama. Wanaofunga Ramadhani wazungumze na kliniki mwezi wa Shaabani. Amlodipini hupangika kirahisi, wakati wa futari au daku. HCT wakati wa daku, kisha kutwa nzima juani bila maji, haifai.

Ukienda kubadilisha

Beba vidonge vyenyewe, usitegemee kusema "kile cheupe kidogo". Sema usumbufu ulianza lini ukilinganisha na siku uliyoanza dawa, maana hilo ndilo swali la kwanza la mtu anayetafuta chanzo. Taja kila kitu kingine, pamoja na mizizi na dawa za asili. Kama una mashine nyumbani, pima ukiwa umekaa dakika tano, mgongo umeegemea, mkono juu ya meza usawa wa moyo, kibofu kitupu, na uandike namba.

Ukibadilishiwa, usiihukumu dawa mpya siku ya tatu. Amlodipini huchukua wiki moja au mbili kufikia nguvu yake, na losatani wiki tatu hadi sita. Dhara kubwa lisilotarajiwa, kama ulimi kuvimba au ngozi kubabuka, liripotiwe kwa mamlaka ya dawa: TMDA kwa Tanzania Bara, ZFDA kwa Zanzibar, Bodi ya Famasia na Sumu kwa Kenya. Mfamasia au muuguzi anaweza kukujazia fomu hapo hapo, ukimpa jina la dawa na namba ya toleo iliyochapwa kwenye boksi. Kwa hiyo usitupe boksi.